Faili Nyepesi za Bi Reli

Meneja mpya alianza kumshuku Bi Reli siku alipopanga faili zote za ofisi kwa uzito. Alikuwa na siku tisa tu kazini. Alibonyeza mahali panapozipanga kuanzia kubwa hadi ndogo, na jina la Bi Reli likateremka, likateremka, mpaka likatua chini kabisa ya orodha. Kazi yake ya mwaka mzima, vijitabu sita vya maelezo, ilikuwa nyepesi kuliko picha moja ya harusi ambayo mtu fulani aliisahau kwenye folda ya mapokezi.

Siku ile meneja alikuja mlangoni mwa chumba chetu, akamtazama mama yule akiandika. Vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya mabati. Meneja alitazama kwa muda, kisha akarudi zake bila kusalimia. Nadhani ndipo swali lilipomwingia: mtu anayeandika kwa kasi hiyo tangu asubuhi hadi jioni, maandishi yake yanakwenda wapi?

Swali hilo lilikuwa na meno. Mkataba wa Bi Reli ulikuwa umebakiza majuma saba, na sahihi ya kuurefusha ilikuwa mkononi mwa meneja. Bi Reli alikuwa na miaka hamsini na minne. Alijua vizuri kwamba mlango ule ukifungwa, kwa umri wake hakuna mwingine utakaofunguka.

Ofisi yetu ilikuwa na vyumba vitatu juu ya duka la vioo. Tulitengeneza programu za zahanati: ya kuandikisha wagonjwa, ya kutunza kumbukumbu za chanjo, na nyingine kama hizo. Fundi mkuu wa programu tulimwita Kobe, kwa kuwa hakuwahi kuharakisha jambo na hakuwahi kuuvua mkoba wake mgongoni, hata akiwa ameketi. Kazi ya Bi Reli ilikuwa kuandika maelezo yanayokwenda pamoja na programu. Muuguzi abonyeze wapi, afanye nini mashine ikikwama, na jambo gani asilifanye kamwe.

Aliandika kwa programu ndogo ya bure, isiyojua rangi wala mapambo, yenye herufi tupu kwenye uwanja mweupe. Alipotaka kichwa cha habari, alianza mstari kwa alama ya reli, ile ya mistari miwili iliyosimama na miwili iliyolala, ndipo akapata jina lake. Alipotaka orodha, aliweka kistari. Neno la kukoleza alilifungia katikati ya nyota. Kisha programu nyingine, nayo ya bure, ilizisoma alama hizo na kutoa kijitabu safi chenye vichwa vikubwa na namba za kurasa. Faili yenyewe ilibaki herufi tu, nyepesi kama ganda la kitunguu. Ilifunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ile kongwe iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya zahanati. Tena ilikaa kwenye hazina ileile ya programu zetu, ambako kila mstari unaobadilishwa huandikwa nani kaubadilisha na lini.

Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha sisi tuliosoma vyuoni. Kila sentensi aliiandika kwenye mstari wake peke yake, kana kwamba anaandika mashairi. Kijitabu kikichapwa, sentensi ziliungana na kuwa aya za kawaida, lakini ndani ya faili kila moja ilisimama kivyake. Desturi hiyo alitoka nayo mbali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa taipu katika ofisi kubwa, na mkubwa wake hakuacha kusahihisha. Karani akijaza ukurasa kwa mfululizo, neno moja likibadilika anaupiga upya wote. Akitenga sentensi kwenye rasimu, anabadilisha mstari mmoja na mingine inabaki salama. Pia alizoea kuhesabu karatasi kila alipozikabidhi, kwa maana katika ofisi ile karatasi ikipotea, aliyepotea alikuwa karani.

Mashine za taipu zilipoondolewa, naye aliondolewa pamoja nazo. Alikaa miaka miwili kwa mdogo wake, fundi cherehani, akipindia nguo. Kobe alikwenda pale kupunguza suruali, akaona tangazo mlangoni kuhusu nguo zisizochukuliwa kwa wakati. Lilikuwa limepigwa bila kosa hata moja, na nafasi zake zimepangwa kama meno. Akauliza nani kaliandika. Juma lililofuata Bi Reli alikuwa na meza ofisini kwetu.

Ile programu ya bure hakuiamini. Kobe mwenyewe alinisimulia kwamba alipomwekea, Bi Reli aliuliza aliyeitengeneza anakula nini. Kobe akamweleza kwamba wapo watu wanaotengeneza programu na kuwaachia wengine waitumie na kuirekebisha. Bi Reli alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, cha bure kina mwenyewe. Na mwenyewe huja siku usiyomtegemea." Tangu siku hiyo, ilipofika saa kumi alasiri, alinakili kazi yake yote kwenye flashi, akaitia kwenye pochi ndogo, akaifunga pochi kwa pini na kuondoka nayo. Miaka ikapita, mwenye programu hakuja kudai chochote, lakini pini haikuacha kufungwa.

Ni flashi hiyo iliyommaliza meneja. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini Bi Reli ananakili nini kila alasiri. Nikasema sijui. Akauliza kama nimewahi kuona jina la folda yoyote. Nilikuwa nimeona. Siku moja nikipita nyuma yake niliona folda iliyoandikwa "wateja", na kwa kuwa kazi yake haikuhusu wateja kwa namna yoyote, nililiweka jina hilo moyoni. Sasa nikalitoa. Mpaka leo sijui kwa nini sikumwuliza yeye kwanza, naye alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye kiti changu.

Meneja aliegemea nyuma. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Shaka ni kama moshi, hauhitaji kualikwa chumbani. Dada wa mapokezi alianza kuandika saa za Bi Reli za kutoka na kuingia. Mimi nilianza kuhesabu mara anazofunga dirisha la kompyuta mtu akipita. Alipocheka kwenye simu, tulitaka kujua anacheka na nani. Alipokaa kimya, tulisema ana lake jambo. Naye hakuwa mjinga. Asubuhi moja, bila kuinua macho, aliniambia, "Msomi, siku hizi unanitazama kama mwenye duka anavyomtazama mteja mwenye koti kubwa." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hatimaye meneja alitoa agizo. Kampuni ilikuwa imelipia leseni ya programu kubwa ya kuandikia, yenye rangi, fremu na nembo kila ukurasa. Leseni ya mwaka ilikuwa ghali hata mkurugenzi aliisaini huku akiguna. Maelezo yote yangehamia huko, tukianzia na kijitabu cha kumbukumbu za wagonjwa. Flashi ya Bi Reli isiguse mashine yoyote ya ofisi. Na faili zake zisinakiliwe moja kwa moja, kwa kuwa, meneja alisema, hatujui kuna nini ndani. Bi Reli azichape kwenye karatasi, karatasi zipitie kwake azikague, kisha mimi niziandike upya.

Kobe alijaribu kusema kwamba ndani ya faili ya herufi tupu hakuna pa kujificha, kilichomo ndicho kinachoonekana. Meneja alimjibu kwamba mwizi wa kweli haonekani. Bi Reli alisema tu, "Sawa, bosi." Akachapa, akahesabu, akapeleka bunda mezani kwa meneja, akarudi na kuandika jambo kwenye daftari lake.

Meneja alikaa na bunda lile siku mbili ndipo akanipa. Niliandika kwa siku nne. Niliweka vichwa vya buluu na nembo pembeni, na nakiri kwamba niliona fahari. Faili mpya ilikuwa nzito kuliko ya Bi Reli mara mia mbili, na meneja alipoona namba hiyo aliitikia kwa kichwa kama mkulima anayetazama gunia lililojaa. Nilipendekeza Bi Reli aipitie kabla ya kuipeleka. Meneja alikataa. Kijitabu kikatumwa kwenye zahanati tatu.

Mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa zahanati mojawapo alipiga simu. Alikuwa amefuata sehemu ya mwisho ya kijitabu, ile ya kufunga mwezi, hatua kwa hatua. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, kompyuta ilinyamaza. Maelezo yalikuwa yameishia pale. Akadhani kazi imekwisha, akaizima. Kumbe programu ilikuwa katikati ya kuhamisha kumbukumbu. Alipoiwasha, mwezi mzima haukuwapo.

Kobe alikwenda mwenyewe, akarudi jioni ya siku ya pili. Alikuwa ameokoa sehemu kubwa, isipokuwa siku nne. Wagonjwa wengi wa siku hizo walikuwa na kadi za karatasi, lakini kulikuwa na watoto tisa waliochomwa chanjo ambao tarehe zao ziliandikwa kwenye kompyuta tu. Sasa muuguzi mmoja alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba kuwauliza mama zao.

Kesho yake saa nne meneja alituita sote mapokezi. Kwenye meza iliyokuwa mbele yake palikuwa na barua, na kwa ukubwa wa herufi zake hata mimi niliyekaa mbali nilikisoma kichwa chake: Kutorefushwa kwa Mkataba. Zilibaki siku kumi na mbili.

Alizungumza kwa utulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko kelele. Alisema kijitabu kilikosa onyo la mwisho. Alisema haiwezekani mtu mwenye uzoefu wa miaka yote hiyo asahau jambo kubwa namna hiyo, kwa hiyo hakusahau, alificha. Alichapa maelezo pungufu ili mfumo mpya uaibike, na maelezo kamili akatembea nayo kwenye flashi, akiwapelekea anaowajua yeye. Tena ushahidi wa wateja hao upo, aliyeuona yumo humu ndani. Niliinamisha kichwa. Bi Reli alinitazama kidogo tu, na ilitosha.

Kisha akafungua pini, akatoa flashi, akaiweka juu ya ile barua.

"Ifungue mwenyewe," akamwambia meneja.

Meneja aliitazama kama mtu aliyewekewa nge. Ni Kobe aliyeichukua na kuichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Zilikuwamo nakala za vijitabu vyote tangu siku ya kwanza, na ile programu ya bure yenyewe, endapo mwenyewe angekuja kuichukua. Na ilikuwamo folda ya wateja. Kobe alifungua faili iliyokuwamo, akaanza kuisoma kwa sauti yake ya taratibu. Kichwa cha kwanza, chenye alama ya reli, kilikuwa Mama wa duka la rangi. Chini yake, kwa vistari: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kichwa cha pili, Bibi harusi wa mtaa wa nyuma: kifua, kiuno, urefu wa gauni. Kichwa cha tatu, Mwalimu mrefu. Kobe alifika kwenye nyonga, akakohoa.

"Endelea," Bi Reli akasema. "Ila hao ni wateja wa mdogo wangu, na huyo wa tatu akisikia nyonga yake imesomwa kwenye mkutano, mimi sitakuwapo kukutetea."

Dada wa mapokezi alishindwa, akacheka kwenye kiganja. Meneja hakucheka. Alisema sawa, hilo limepita, lakini onyo bado halipo, na watoto tisa bado wanatafutwa.

Hapo Kobe akafungua hazina ya programu. Akaleta faili ya Bi Reli na kumbukumbu ya mabadiliko yake. Kwa kuwa kila sentensi ilikaa mstari wake, haikuhitaji kutafutwa. Mstari wa mwisho kabisa ulisomeka: Usizime kompyuta mpaka uone maneno "Nakala imekamilika". Kando yake kulikuwa na jina la Bi Reli na tarehe, miezi kumi na minne nyuma. Haukuguswa tangu siku hiyo.

"Mstari huu ulikuwapo Bi Reli alipochapa," Kobe akasema. "Faili hii ndiyo iliyochapwa, hakuna nyingine."

Macho yote yakanigeukia. Sikuwalaumu. Maelezo yalitoka kwa Bi Reli yakiwa kamili na yakatoka kwangu yakiwa pungufu, na katikati palikuwa na vidole vyangu. Nilijiuliza kama kweli niliuona mstari ule na kuuruka, na kadiri nilivyojiuliza ndivyo nilivyozidi kutojiamini.

Bi Reli ndiye aliyeniuliza, bila ukali. "Msomi, ulipewa karatasi ngapi?"

Nilikimbia kuleta bunda, maana nilikuwa nimelihifadhi. Tukalihesabu mbele ya wote. Thelathini na nane. Bi Reli akafungua daftari lake, akaliweka wazi mezani na kidole juu ya mstari: tarehe kumi na moja, saa nne, karatasi thelathini na tisa, mkononi mwa meneja.

"Huenda ulihesabu vibaya," meneja akasema.

"Huenda," Bi Reli akajibu.

Kobe hakubishana. Aliituma faili ile kwenye printa, na sote tukasimama tukiisikiliza ikitema karatasi moja moja. Ya thelathini na nane ilitoka imejaa hadi chini. Printa ikanyamaza, ikaguna, kisha ikatoa moja zaidi. Karatasi nyeupe, na mstari mmoja tu juu kabisa. Kobe akaiweka mbele ya meneja.

Meneja aliitazama. Kila mtu aliyewahi kutumia printa anaijua karatasi ya namna hiyo, ile inayobeba mabaki ya ukurasa uliotangulia, ambayo mkono huitenga wenyewe bila kuisoma. Niliona uso wake ukibadilika pole pole, si kwa hasira. Aliinuka, akaingia kwenye chumba chake. Tukasikia meza ikiburuzwa. Aliporudi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, chafu upande mmoja, na alama ya duara iliyozama katikati.

"Meza yangu ilikuwa inayumba," akasema. "Nilidhani ni karatasi tupu."

Angeweza kuiacha pale chini ya mguu wa meza, na nadhani asingegundua mtu, kwa hiyo namhesabia hilo. Aliichukua ile barua kwa ncha za vidole, akaichana vipande viwili. Kisha akamwambia Bi Reli kwamba mkataba mpya utakuwa tayari alasiri.

Bi Reli alisema mkataba usubiri. Alirudi kwenye meza yake, akaandika tangazo la mistari mitano kwa programu yake ndogo, akalituma kwenye zahanati zote tatu, na akapiga simu moja baada ya nyingine mpaka kila muuguzi aliposema amelisoma. Zahanati ya mwisho ilikuwa na kompyuta kongwe iliyoshindwa kufungua kijitabu changu tangu siku kilipofika. Hawakuwahi kutuambia. Walidhani kosa ni lao. Tangazo la Bi Reli lilifunguka.

Kabla hajaondoka nilimwendea na kumwomba radhi kwa habari ya wateja. Alinisikiliza akiwa anafunga pini. Alisema siku nyingine nikiona kitu nyuma ya mgongo wake, nizunguke nije mbele. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Mkataba aliuchukua nyumbani, akaupitia na mdogo wake. Asubuhi aliurudisha haujasainiwa. Kifungu cha saba kilisema kwamba kazi yake itapimwa kila baada ya miezi mitatu. Alitaka kujua itapimwa kwa kitu gani.

Meneja akamwuliza yeye angependa ipimwe vipi.

"Kwa simu," Bi Reli akasema. "Hesabu mara ngapi zahanati zinapiga kuuliza jambo ambalo nilipaswa kulieleza. Zikipungua, nimefanya kazi. Zikiongezeka, niandikie barua nyingine. Weka hapo kwa mkono wako."

Meneja akaandika kwa kalamu kando ya kifungu cha saba, nao wote wawili wakatia sahihi fupi pembeni ya maneno hayo, kisha sahihi kamili chini, kwenye nakala zote mbili. Bi Reli alipuliza wino ukauke. Akachukua nakala yake, akaitazama ile nyingine iliyobaki mezani.

"Hiyo utaiweka wapi?" akauliza.

"Kabatini."

"Kabati lina ufunguo?"

"Lina."

"Funguo ziko ngapi?"

Meneja akasema ziko mbili. Bi Reli akavuta kiti, akaketi, akasubiri kuambiwa wa pili anao nani.